Jinsi ya Kununua Raba ya Mlimani Bila Kukitesa Kidole cha Mwisho

Kabla hujatoka nyumbani, uombe radhi mguu wako. Miaka yote umeuita mguu wa bata, umeusukumiza ndani ya viatu vyembamba, kisha ukaukasirikia ulipovimba, na kosa halikuwa lake. Mwaka 1905 daktari wa Marekani aitwaye Phil Hoffmann alichapisha uchunguzi uliolinganisha miguu ya watu waliozoea viatu na ya watu wasiovaa kabisa. Miguu isiyojua kiatu ilitanuka kuelekea vidoleni, kila kidole na nafasi yake. Miguu ya wavaa viatu ilikuwa imeshafuata umbo la kiatu. Kwa hiyo mguu mpana hauna kesi ya kujibu. Kinachotakiwa kujieleza ni kiatu.

Mkishapatana, tafuta karatasi na penseli. Fanya kazi hii jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyosonga, na baada ya saa sita za kupanda mlima huvimba zaidi. Vaa soksi utakazopandia, simama wima uzito wote ukiwa kwenye mguu unaopimwa, na mtu mwingine akuchoree ukingo wake, penseli ikiwa imesimama wima. Pima yote miwili, maana mara nyingi mmoja huuzidi mwenzake, na raba hununuliwa kwa ajili ya ule mkubwa. Kata mchoro, utie mfukoni, nenda nao dukani. Fundi wa katambuga hahitaji zaidi ya hapo: anakukanyagisha kipande cha tairi, anakuzungushia chaki, anakata. Kiwandani hawana mguu wako. Wana kalibu, na kalibu nyingi zimechongoka mbele utadhani kidole cha katikati ndicho kirefu kuliko vyote.

Ukishika raba iliyokuvutia, usitazame rangi. Chomoa soli ya ndani, ilaze mezani, weka mchoro wako juu yake. Mchoro ukimwagika nje ya soli, hata kama ni kwa kidole kimoja tu, rudisha raba kwa heshima zote. Hapo muuzaji atatamka neno lililokwisha kuwagharimu wenye miguu mipana fedha nyingi: “Kitaachia tu ukishakivaa.” Kiatu cha ngozi huachia, ni kweli. Raba ya mlimani imefumwa kwa nyuzi za plastiki, na mbele imezungushiwa ukanda mgumu wa kuzuia mawe. Ukanda huo uliwekwa ili usiachie. Utakayeachia ni wewe, tena kwa malengelenge.

Akiona umekaza, atakuletea namba kubwa zaidi. Kataa tena, kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Kila namba ya Ulaya huongeza urefu wa karibu milimita 7, lakini upana huongezeka kidogo sana. Anayevaa 42 akichukua 44 ili kidole cha mwisho kipumue, amenunua zaidi ya sentimita nzima ya hewa mbele ya kidole gumba. Mahali kiatu kinapokunjika hapalingani tena na mahali mguu unapokunjika, na kisigino kinapanda na kushuka kila hatua. Kwenye sakafu ya duka hutalijua hilo. Utalijua Kilimanjaro, siku ya kileleni kwa njia ya Machame: asubuhi uko Uhuru, mita 5,895, na siku hiyohiyo unateremka hadi kambi ya Mweka, mita 3,100 hivi. Mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, unagonga, unateleza tena, na jioni kucha zimeshageuka nyeusi. Kwa hiyo dukani usitembee kwenye zulia tu. Tafuta ngazi, shuka kwa kishindo. Vidole vikigonga mbele, hiyo si raba yako.

Unachotakiwa kuomba ni upana, nao una herufi zake. Kwa vipimo vya Marekani, D ni upana wa kawaida wa mwanamume, 2E ni pana, 4E ni pana zaidi. Kwa mwanamke kawaida ni B, na pana huanzia D. Mwanamke aliyezungushwa maduka yote na aende kwenye rafu ya wanaume bila kumwomba mtu ruhusa. Kiatu hakijui jinsia. New Balance, Brooks na Hoka hutoa baadhi ya raba zao za mlimani kwa upana zaidi ya mmoja. Altra na Topo Athletic wamejijengea jina kwa kuacha sehemu ya vidole iwe pana tangu mwanzo. Ila Altra nyingi kisigino na vidole viko usawa mmoja, kwa hiyo kano ya kisigino na shavu la mguu huhitaji wiki kadhaa za kuzoea. Usizivae mara ya kwanza langoni Machame.

Wepesi nao una maana yake. Kwa mkimbiaji, kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu hudai karibu asilimia 1 zaidi ya nguvu, na buti la ngozi linaweza kuwa na uzito mara mbili ya raba ya gramu 300. Lakini usiku wa kuelekea kileleni baridi hushuka chini ya sifuri, na raba nyepesi hupitisha upepo. Usiku huo vaa buti la joto. Ukilikodi Moshi, lipime kwa karatasi ileile.

Kwa mitumba, kwa mfano pale soko la Memorial mjini Moshi, soma historia ya mwenye kiatu wa kwanza. Tazama upande wa nje, karibu na kidole cha mwisho. Kitambaa kikiwa kimechanika hapo, mtu mwenye mguu kama wako alishapigana na raba hiyo.

Raba ikikukaa vidoleni lakini kisigino kinacheza, shughulikia kamba. Pale mguu ulipo mpana zaidi usizipishanishe. Zipandishe moja kwa moja hadi tundu linalofuata. Kisha tumia lile tundu la mwisho, ambalo wengi hawaligusi, kufungia kisigino.

Na ukitaka kumwachia mgumu, yaani mpagazi wako wa mlimani, raba zako baada ya safari, muulize namba, mwache azijaribu, mchunguze pembeni ya kidole cha mwisho. Anapanda na mzigo wa hadi kilo 20, pengine kwa miguu iliyokua peku, na zawadi inayombana ni mzigo juu ya mzigo. Zisipomtosha, wapelekee Kilimanjaro Porters Assistance Project pale Moshi, wanaowaazima wagumu mavazi ya mlimani bila malipo. Zifue kwanza, na kamba ziwe mpya.