Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Kifungu cha 197

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16,
Tanzania Bara.

YAH: KUWAPUNGUZIA MAJAJI KAZI

Shikamoo Mheshimiwa. Nakuamkia kwa adabu zote, maana majaji wenyewe wako chini yako.

Jaji akishamtia mtu hatiani kwa mauaji, wakili wa utetezi huinuka na shufaa: ni kosa lake la kwanza, ana watoto wadogo, akili yake haikuwa sawa tangu utotoni. Jaji anaandika yote. Kisha anatamka ulichomwandalia: adhabu ni moja tu, kunyongwa hadi kufa. Kwa nini shufaa hiyo isitolewe kantini? Huko angalau kuna chai.

Hongera pia kwa usawa wako. Muuaji wa kukodiwa na mama aliyepigwa na mumewe miaka nenda miaka rudi, hadi usiku alioshika mchi, kwako ni kitu kimoja. Mama angeweza kujitetea kwamba alichokozwa, kosa likashuka kuwa kuua bila kukusudia. Ila sheria inataka hasira ya ghafla, isiyopata muda wa kupoa. Yake alikuwa ameilaza miaka. Nani alimtuma avumilie?

Mgonjwa wa akili akithibitika hakujua alitendalo, atapelekwa Isanga, Dodoma. Aliyejua nusunusu ni wako. Akikata rufaa, Mahakama ya Rufani ikiridhika kwamba ni mauaji kweli, haina hata siku moja ya kumpunguzia. Na jaji huyohuyo, kesi ikiwa ya kuua bila kukusudia, tunamwachia apime mwenyewe, mwisho wake kifungo cha maisha!

Majirani usiwasikilize. Uganda mwaka 2009 na Kenya mwaka 2017, mahakama zao za juu zilikataa adhabu ya kifo ya lazima. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika, iliyopanga hapahapa Arusha, ikasema unakiuka haki ya kuishi, ikatoa mwaka mmoja urekebishwe. Wapangaji wa siku hizi!

Wanaokuita katili wanakuonea. Tangu 1994 hakuna aliyenyongwa. Wewe unahukumu tu. Kusubiri ni kazi ya mfungwa.

Ila nimegundua una huruma za chinichini. Mjamzito humnyongi, wala aliyeua akiwa chini ya miaka 18. Kumbe unaona wauaji hawafanani! Basi mruhusu na jaji aone. Ikishindikana, wanunulie majaji muhuri wenye maneno yako, tuokoe karatasi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipakodi