Lumbesa ya Maji

Mama mkwe alichungulia kikaango, akanitazama mimi, akachungulia tena. "Baba," akasema kwa sauti ile ya kumjulia hali mgonjwa, "unamkaanga au unamwogesha?"

Ni juzi tu, na masikio yangu bado yana moto. Nilikuwa nimewatangazia wakwe zangu, watu wa Ukerewe waliozaliwa ndoana iko mkononi, kwamba siku hiyo hakuna mwanamke atakayeingia jikoni. Samaki nakaanga mimi. Minofu myeupe, haina mwiba hata mmoja, imetoka kwenye friza la supamaketi, na juu ya pakiti pamechorwa kipande cha rangi ya dhahabu kimeegemea limau. Nilimyeyusha, nikamtia chumvi na pilipili manga, nikachemsha mafuta mpaka kijiti cha mbao kikatoa mapovu. Nikamweka. Akalia chwaaa, kwa heshima zote. Halafu mlio ukabadilika.

Aliyekulia jikoni anajua kwamba kukaanga kuna sauti yake na kuchemka kuna yake. Yangu ilikuwa inachemka. Maji meupe yenye povu yalipanda kutoka kusikojulikana, mafuta yakaelea juu, na vipande vikaanza kusinyaa huku vinaogelea. Shemeji akasema hiyo ndiyo dalili pekee kwamba kweli ni samaki. Nilipogeuza kipande, kikakatika. Nikageuza vile vipande, vikawa uji. Nikaacha kugeuza.

Mezani baba mkwe alikuwa anasubiri kichwa. Kwao samaki akiletwa bila kichwa, mgeni huuliza nani amekila.

"Kichwa kiko wapi?"

"Hakuja nacho, baba."

"Katokea wapi?"

"Vietnam."

Mzee akaisogeza sahani pembeni, taratibu, bila ugomvi, akaulizia kama kuna dagaa.

Usiku ule sikulala, nilisoma. Na niseme ukweli, habari za samaki huyu ni tamu kumshinda yeye mwenyewe. Anaitwa pangasi, ukoo wa kambare, na anafugwa kwenye mabwawa ya delta ya mto Mekong. Ana kipaji cha kupanda juu na kuvuta hewa, kwa hiyo anastahimili msongamano ambao samaki wengi wangeelea matumbo juu. Hukua upesi, bei yake chini. Akishatolewa minofu hugandishwa, na hapo ndipo sayansi inapoanza kunichekesha.

Nyama iliyoganda hukauka humo humo ndani ya friza. Barafu iliyo ndani yake huruka moja kwa moja ikawa mvuke bila kupitia hatua ya maji, na mnofu hubaki na mabaka meupe, mkavu, ladha imeharibika. Ili kumlinda, kiwandani humchovya kwenye maji ya baridi sana, au humnyunyizia, akavaa kanzu nyembamba ya barafu. Friza likitaka kukausha, linakausha kanzu kwanza. Ni akili kubwa, na sina ugomvi nayo. Ugomvi unaanza kanzu ikigeuka koti la baridi, maana hakuna kifaa dukani kinachoweza kukuonyesha kwa macho wapi samaki anaishia na wapi maji yanaanzia.

Kuna pia fosfeti. Samaki akifa, protini za misuli yake hushikana na kukaza, na akiyeyushwa hutoa majimaji. Ukimloweka kwenye mchanganyiko wa fosfeti, protini zile huachiana na kupata uwezo wa kushika maji. Kwa kiasi kinachoruhusiwa si sumu, na inasaidia kweli mnofu usipoteze majimaji yake. Ila mwenye kiwanda akiwa na tamaa, anamlowesha mpaka anywe maji ambayo hakuwahi kuwa nayo alipokuwa hai. Halafu wewe unayanunua kwa bei ya nyama.

Kikaangoni yote hayo hutoka kwa pamoja. Maji yakishatanda hapo, joto la mnofu haliwezi kuvuka sana nyuzi 100, na ile rangi ya dhahabu ya kwenye picha inataka karibu 140. Ungeweza kumkaanga mpaka alfajiri. Hakukuwa na upungufu wa ufundi kwa upande wangu. Ni fizikia, na nimemweleza mama mkwe hivyo kwa simu. Alisema, "Haya, baba."

Kesho yake nilichukua pakiti ya pili, nikaitumbukiza kwenye maji baridi mpaka kanzu ikayeyuka, nikakausha minofu kwa taulo, nikapima. Robo ya kilo ilikuwa imekwenda kwenye sinki. Kanuni za kimataifa za chakula, Codex, zinataka uzito unaoandikwa uwe wa samaki bila kanzu yake. Pakiti yangu ilikuwa imeandikwa kilo moja kwa herufi za kusomeka ukiwa ng'ambo ya barabara, na ule uzito mwingine ulikuwa nyuma, chini ya mkunjo, kwa herufi za mchwa.

Hapa kicheko kinanikauka. Nchi hii mkulima wa viazi akijaza gunia likapata kilemba, tunaita lumbesa na ni kosa la kukamatwa. Huyu anayejaza maji hana jina wala mgambo. Na huko Mwanza, kwa miaka mingi, viwanda vimekuwa vikichuna minofu ya sangara, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa yenye kichwa, yaani mapanki, inabaki inakaangwa na kuuzwa mtaani kwa watu wanaoishi wanalitazama ziwa. Wakwe zangu wameyala. Kisha mimi, mkwe wao, nikawapa minofu hatimaye, na ikawa ni barafu ya Asia.

Mengine ni madogo. Nilimyeyusha mmoja ndani ya mfuko wake uliofyonzwa hewa, dada yangu muuguzi akanipigia kelele: kuna bakteria wa botulini wanaopenda mahali pasipo na hewa, mfuko hutobolewa kwanza, samaki anakaa ndani ya friji usiku mzima.

Paka alinusa, akaondoka.

Shemeji alisikia kwamba perege wa kufugwa hulishwa homoni na sasa anahofia kuota matiti. Nimemweleza kwamba ni homoni ya kiume, hupewa vifaranga wiki tatu nne za mwanzo ili wawe madume yanayokua haraka, na huisha mwilini miezi kabla ya kuvuliwa. Sasa anahofia ndevu za mkewe.

Nilirudi supamaketi na mizani yangu ya jikoni kwenye mfuko. Kijana wa friza alinisikiliza mpaka mwisho, adabu tele, akaangalia huku na huku, akaniinamia sikioni.

"Shikamoo, mzee. Wenye barafu kidogo wapo, rafu ya chini kule. Ila bei yake utaniambia mimi nimekuibia."