Barua ya Wazi kwa Meneja wa Barabara za Mitaa

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA KUAZIMWA MGENI RASMI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sikuandikii kulalamika. Walalamikaji wana daftari lao pale mapokezi kwako, nimeliona: limewekwa chini ya mguu mfupi wa meza ili meza isiyumbe, kwa hiyo si kweli kwamba malalamiko yetu hayafanyiwi kazi. Mimi nakuandikia kama mbia. Nina gari la familia la viti saba ambalo kadi yake ina jina langu peke yangu, na hilo si haki hata kidogo. Mimi nanunua bushi, wewe unazimaliza. Mimi nafunga shokapu Jumamosi, wewe unaifungua Jumanne. Gari hili ni letu sote wawili, na ni vema tukaanza kuzungumza kama watu wenye mali ya pamoja.

Tuanze na fedha, maana ndizo zilizotukutanisha. Lilipoteremka bandarini likitokea Japani, gari letu lilitozwa asilimia 25 ya ushuru wa forodha, likatozwa ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, likatozwa VAT ya asilimia 18, na kwa kuwa lilikuwa limepita miaka 10 likatozwa pia asilimia 30 ya uchakavu. Sikugombana na mtu. Nilidhani nalipia uchakavu ambao gari limekuja nao. Nilipolipeleka kwa fundi, fundi akazunguka chini yake na tochi, akatoka amekasirika: shokapu kavu, bushi nzima, boljointi hazichezi, injini haidondoshi oili hata tone. Hakukuwa na uchakavu wowote. Nilikuwa nimelipia bidhaa ambayo haijafika. Sasa imefika, Ndugu Meneja. Mmeileta wenyewe, kwa awamu, mpaka mlangoni kwangu, na lazima nikiri kwamba hii ndiyo huduma pekee ya umma ambayo sijawahi kuifuatilia ofisini.

Halafu kuna yale ya kwenye pampu. Mwaka 2017 tulifutiwa ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, tukashangilia, na hapohapo mafuta yakaongezwa shilingi 40 kwa kila lita. Mwaka 2021 ikaja shilingi 100 nyingine kwa kila lita ya petroli na dizeli, na tukaelezwa kwa ufasaha kabisa kwamba hiyo ni kwa ajili ya barabara kama hizi zetu, za mitaani na vijijini. Zote hizo zikakaa juu ya tozo ya mafuta iliyokuwapo tangu zamani. Nalipa. Bodaboda wanalipa. Kinyozi wetu, ambaye jenereta lake halijawahi kutoka nje ya kibanda tangu alinunue, naye anachangia barabara kila umeme unapokatika, na hajawahi kuuliza jenereta litaitumia lini. Mimi namzidi kidogo, kwa sababu gari letu hunywa zaidi likiwa linapanda na kushuka mashimo kwa gia ya kwanza. Kwa maneno mengine, barabara inavyozidi kuwa mbaya ndivyo ninavyozidi kuichangia. Aliyebuni mfumo huu apewe nishani.

Barabara yenyewe unaijua, ingawa labda kwa ramani tu. Inatoka kwenye lami, inapita nyuma ya kituo cha daladala, inashuka bondeni kwenye kalavati, inapanda hadi kwetu. Kipande cha mwanzo kilikuwa na lami nyembamba mpaka watu wa maji walipokuja kupitisha bomba: wakaikata, wakafukia kwa mchanga, wakaondoka, na mfereji ule sasa ni tuta lililopinduka. Katikati wananchi tumejaza vifusi wenyewe, vyenye vipande vya vigae na nondo, hivyo aliyenusurika shimo anapata pancha. Bondeni sitaki kupazungumzia.

Kila mwezi ni yaleyale. Miguu ya mbele inaanza kugonga. Fundi anainua jeki, anatikisa gurudumu, anajifuta mikono kwa kitambaa kilicho kichafu kuliko mikono, anasema: “Bosi, gari halina tatizo. Hii ni barabara tu.” Kisha anaandika orodha: bushi, stabilaiza linki, beringi, shokapu mbili. Nakwenda Kariakoo. Muuzaji anauliza, orijino, Taiwani au China? Orijino ni laki tatu na ushee, nayo inatoka kwenye boksi ambalo jina la kampuni limekosewa herufi moja. Ya China ni chini ya nusu ya hapo, na muuzaji, ambaye ni mtu mwaminifu, anakuambia mapema kwamba haina garantii: “Unakaa mtaa gani? Aa, huko hata orijino haina garantii.” Mtaa wetu unajulikana mpaka madukani, Ndugu Meneja. Ni ofisini kwako tu ndiko ninakoulizwa niko kata gani.

Mtoto wa kwanza wa fundi wangu anasoma sekondari ya bweni, na simwonei wivu, maana mtu amefanya kazi amelipwa. Wangu alirudishwa ada mwezi uliopita. Hela ilikuwapo, ikaenda kwenye raki ya steringi.

Na kuna usiku ule wa mvua. Boljointi ya kulia ilichomoka palepale bondeni, gurudumu likalala ubavu, gari likapiga pua kwenye tope. Nyuma alikuwamo mama yangu, sukari imemshuka, hatujui hata kama anatusikia. Bajaji haziingii mtaani kwetu mvua ikinyesha, na siwezi kuwalaumu. Vijana wakambeba mgongoni mpaka barabarani. Mwanamke mwenye miaka sabini na kitu, aliyelima, aliyekatwa makato ya kila jina tangu ujana wake, anavushwa dimbwi usiku mgongoni mwa mtoto wa jirani kwa sababu mita chache za udongo zimeshindikana. Kesho yake nikaja kwako na matope yangu kwenye viatu, kijana wako akaniambia barabara yetu “ipo kwenye hatua ya upembuzi yakinifu na usanifu wa kina.” Upembuzi wa nini? Ni shimo! Lina maji! Mnataka kulisanifu kwa kina kuliko lilivyo? Hela mnayo, kila siku asubuhi tunaileta lita kwa lita, tunaileta hata tukiwa tumekwenda kuzika, na hamtuonei aibu hata ya kutudanganya kwa maneno mapya. Ni sentensi ileile kila mwaka, hata koma hamsogezi.

Samahani, Ndugu Meneja. Sauti imepanda. Kama unasomewa barua hii na katibu wako, aya hiyo aisome polepole. Narudi kwenye maombi, na yapo kwa adabu.

Nimechunguza suala hili kwa utulivu, hasa nikiwa nimekaa kwenye benchi la gereji, na nimegundua kwamba greda la wilaya haliendeshwi kwa dizeli. Linaendeshwa kwa mgeni rasmi. Ziara ya mwisho mtaani kwetu ilikuwa ya kufungua matundu ya vyoo katika shule ya msingi. Siku mbili kabla, likaja greda. Nyuma yake likaja shindilia, nyuma ya shindilia boza la maji. Mawe ya kandokando yakapakwa chokaa. Mashimo tuliyokuwa tumeshayapa majina yakatoweka alasiri moja, bila upembuzi, bila usanifu, bila kusubiri mwaka mpya wa fedha. Mgeni akafika, akakata utepe, akausifu mtaa kwa usafi, akaondoka. Kwa wiki kadhaa gari letu halikugonga. Niliwasha redio nikagundua inafanya kazi. Mke wangu alijipaka wanja njiani na kufika kazini akiwa na macho mawili yanayolingana.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba mtaa wetu uazimwe mgeni rasmi mmoja kila robo ya mwaka, na mmoja wa ziada kabla ya masika.

Gharama zote ni juu yetu. Kamati ya mapokezi imeshaundwa na mimi ni mweka hazina, kwa kuwa imeonekana nimezoea kutoa. Kwaya ya shule ipo. Skauti wa kumvisha mgeni skafu yupo, ni mjukuu wa jirani, na amefundishwa kupiga saluti bila kucheka. Risala imeandikwa tayari. Haitaji barabara hata mara moja, ili mgeni asione haya, inashukuru tu kwa juhudi zinazoendelea. Viti vya plastiki tumepata, na kile kimoja cha sofa kwa ajili yake kinatoka sebuleni kwa mwenyekiti. Kuhusu kitu cha kuzindua, usihangaike. Tumejenga jiwe la msingi lisilo na msingi: kinguzo cha zege, pazia la bluu, na kibao ambacho jina na tarehe vimeandikwa kwa chaki. Mgeni atafunua, tutapiga makofi, akina mama watapiga vigelegele, na vumbi la msafara likishatua tutafuta kibao na kushusha pazia kwa ajili ya mwenzake wa robo ijayo. Mradi wenyewe hatuna. Tumehudhuria uzinduzi wa kutosha kujua kwamba si lazima uwepo.

Cheo hatuchagui. Waziri akipatikana, alhamdulillahi. Naibu wake, vilevile. Mkuu wa wilaya anatosha na kubaki. Kama wote wako vikaoni Dodoma, tuazimwe gari la mmojawapo, lile refu jeupe lenye kibendera. Lipite tupu na vioo vya giza vimepandishwa, nani atajua? Sisi tutapunga mikono kama kawaida. Gari likiwa safarini, tupewe king’ora peke yake, tutakifunga kwenye bodaboda. Na hicho kikikosekana, tuandikie barua ya mistari miwili tu kwamba mgeni anafikiria kuja. Nakala iachwe mezani kwa dereva wa greda, iwe kama imesahaulika. Nakuhakikishia ataondoka usiku huohuo na taa zimewashwa.

Mengine ni madogo. Naomba zile asilimia 30 za uchakavu nirudishiwe, au fundi wangu aingizwe kwenye orodha ya mishahara ya wilaya, vyovyote iwavyo rahisi kwenu. Askari wa barabarani akinikuta na taa iliyopasukia shimoni na kunipiga faini ya shilingi 30,000, kontroo namba itoke kwa jina lako. Watu wa maji wakija tena kukata lami, wakate kwa kuzunguka, si kukatisha. Na siku yoyote isiyo ya ziara, karibu nikupeleke nyumbani kwako. Utakaa kiti cha saba, kile cha nyuma kabisa kilicho juu ya shokapu ya kushoto, na ukipenda uje na wataalamu wako wa upembuzi, viti vingine vipo.

Kuna watakaokuambia kwamba mwenye gari ni mtu mwenye uwezo, asiwasumbue watu. Waambie gari hili ndilo hupeleka wagonjwa wa nyumba zetu zote, maiti mbili limeshazibeba, na magunia ya mahindi ya jirani yanapotoka shamba hupitia humo. Mtaa ambao gari la wagonjwa halifiki hauna gari la mtu binafsi. Likikaa juu ya mawe, tumekaa wote. Na likikaa juu ya mawe, kumbuka, halinywi mafuta, na zile shilingi zetu za kwenye lita mtazikosa. Nadhani hoja hiyo ya mwisho itaeleweka haraka kuliko zile za mwanzo.

Masika yanaanza Machi. Bondeni patakatika wiki ya kwanza, kama ilivyo kawaida yake, na baada ya hapo hapatapita hata pikipiki. Greda tumeshalilipia. Tunaomba lije.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mlipa tozo, mwenye nusu ya gari la viti saba (kwa sasa lipo gereji)

Nakala: Dereva wa greda. Mgeni anafikiria kuja.