Kabla ya Kiti cha Archie Bunker, Nitajie Mama Kawele

Nasonya. Nasonya tena, na wa kukasirika akasirike.

Hapa kijiweni Kilwa yetu ya Katanga, karibu na pale boti za samaki zinapofungwa, vijana wetu wamepata mchezo mpya. Wanaulizana habari za vichekesho vya televisheni vya Wamarekani vya miaka ya sabini. Mmoja wao amejaza simu yake vipindi vya zamani, na jenereta ikishawashwa jioni yeye ndiye hakimu. Kiti cha Archie Bunker kiko wapi? M*A*S*H ilidumu miaka mingapi? Anayekosa ananunulia wenzake kinywaji cha munkoyo.

Na majibu wanayo, siwanyimi haki yao. Kiti cha Archie Bunker, yule baba mkali wa *All in the Family* asiyempenda jirani wala mkwe, kiko makumbusho ya Smithsonian kule Washington tangu 1978. M*A*S*H ilianza 1972 ikaisha 1983, yaani waliigiza kwa miaka kumi na moja vita vya Korea ambavyo wenyewe waliopigana walivimaliza kwa miaka mitatu. Wanajua hata asili ya mambo: kwamba Norman Lear, aliyeanzisha *All in the Family* mwaka 1971, hakuitoa kichwani mwake, aliichukua kwa Waingereza, kwenye *Till Death Us Do Part*. Mwaka uliofuata akafanya vilevile kwa *Sanford and Son*, nayo mzazi wake ni *Steptoe and Son* ya London.

Haya ni maarifa, na mtoto anayejua kitu kimetoka wapi hunifurahisha. Lakini nikawauliza langu moja: "Mama Kawele ni nani?"

Kimya.

"Bwana Cheko je? Kachelewa?"

Kijana mmoja, mtoto mzuri, tena mwenye heshima, akanijibu: "Papa, hao walichezea Mazembe?"

Nilisonya mpaka mama muuza samaki akageuka. Sikumkasirikia kijana. Nani alimwambia? Sisi wenye mvi tulikaa hapa miaka yote tukisimulia bei ya shaba na vita vya kwetu vya 1977 na 1978, na hakuna aliyekumbuka kuwasimulia watoto nani alituchekesha kati ya vita na vita.

Basi sikieni. Lubumbashi ilikuwa na kundi la michezo ya kuigiza lililoitwa Mufwankolo, kwa jina la kisanii la kiongozi wake. Hawakuanza na televisheni. Sauti zao zilisikika redioni tangu zamani za Wabelgiji, mji ukiitwa bado Elisabethville. Jina la mji likabadilika 1966, jimbo la Katanga likawa Shaba, nchi ikawa Zaire mwaka 1971, watu wakaambiwa watupe majina ya ubatizo wachukue ya mababu. Kila kitu kilibadilishwa jina, na Mufwankolo akabaki Mufwankolo. Miaka ya sabini akaingia kwenye kioo cha televisheni pamoja na wenzake, kina Mama Kawele, Bwana Cheko na Kachelewa, na kichekesho chao kikawa jambo la watu kusubiri.

Jamaa mmoja hapa kijiweni, yaya kwangu, yaani mkubwa wangu kwa umri, alikulia mtaa wa Katuba, Lubumbashi. Aliposikia jina hilo akaweka chini kikombe. "Kwetu ku Katuba televizyo ilikuwaka moya tu mu avenue," akasema. "Batoto tulikuwaka tunasimama inje ku dirisha. Mwenye nyumba akifunga pazia, tunalia."

Kijana wa simu akauliza kama walikuwa wanaigiza kwa Kifaransa. Hapo yaya naye akasonya, na nikafurahi kwamba siko peke yangu. Kifaransa cha nini? Waliigiza kwa Kiswahili chetu hikihiki, cha "njo vile" na "beko", cha mama wa sokoni mtaa wa Kenya, palepale Lubumbashi, na cha mchimbaji anayetoka zamu Gécamines. Shule ilikuwa ya Kifaransa, jeshi la Rais Mobutu lilikuwa la Kilingala. Televisheni yenyewe ilifungua habari kwa picha ya Rais akishuka kutoka mawinguni. Halafu ndani ya kioo kilekile anatokea mtu anayezungumza kama mjomba wako, anagombana na mkewe kama mjomba wako anavyogombana, na hakuna anayemsahihisha sarufi. Mtu akiniambia hilo lilikuwa jambo dogo, namwambia hakuwepo dirishani.

Tena pimeni na wenzetu. Tanzania bara, nyumbani kwa Kiswahili kinachosifiwa kila mahali, haikuwa na televisheni mpaka miaka ya tisini. Zanzibar waliipata mapema, miaka ya sabini, tena ya rangi. Kenya walikuwa nayo tangu 1962, na baadaye wakatupa *Vitimbi*, na Mzee Ojwang' aliyefariki Julai 2015 nchi nzima ikamlilia, na Mama Kayai wake. Nawapenda wote. Lakini mwaka ambao mtu wa Dar es Salaam alikuwa bado na redio tu, mtu wa Lubumbashi alikuwa ameketi mbele ya kioo akicheka kwa Kiswahili. Hili swali lingetosha kumnunulisha mtu munkoyo kijiwe chochote cha Afrika Mashariki, na sisi wenyewe hatuliulizi!

Sasa njooni kwenye kazi yao ilivyofanyika, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. *All in the Family* ilikuwa na chumba cha waandishi wa kulipwa, karatasi zinapita mkono kwa mkono mpaka neno la mwisho. Mufwankolo hawakuwa na karatasi. Walikaa wakazungumza: leo tucheze nini? Wazo likipatikana, wanapanga linaanzia wapi na linaishia wapi, nani anaingia kwanza, nani anamkuta nani. Wanagawana nafasi. Halafu mazoezi, na katika mazoezi kila mmoja anajitafutia maneno yake mwenyewe. Neno alilosema Bwana Cheko ni la Bwana Cheko. Hakupewa na mtu. Kwa hiyo tunaposema "waigizaji" tunawapunja, kwani walikuwa watunzi pia, kila mmoja kwa sehemu yake, na kesho yake wengi walirudi kwenye kazi zao za mkate.

Kuna kisa kimoja ambacho lazima nikieleze kwa urefu, hata kama si cha miaka ya sabini, ni cha 1986. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyefundisha chuo kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya sabini, alirudi mjini. Akakaribishwa chakula, kukawa na kuku. Mnajua firigisi ni ya nani mezani kwetu: ni ya mkubwa. Mgeni akapewa firigisi, naye kwa adabu za kwao akataka kuigawa. Akaambiwa methali, kwa Kifaransa, kwamba madaraka huliwa mazima.

Fabian akashika neno hilo akaenda nalo kwa Mufwankolo na wenzake: hii methali maana yake nini? Wangeweza kumweleza kwa dakika mbili wakaenda zao. Wao wakasema tutaicheza. Wakaizungumza, wakaichambua, wakabishana, wakapanga mchezo mzima wa kijiji na chifu wake na watu wake waliochoka kumtii. Wakafanya mazoezi mjini, halafu wakaenda kijiji cha Kawama, nje ya Lubumbashi, televisheni ikaja na kamera, na wanakijiji wakawa watazamaji.

Tulieni hapa kidogo. Mwaka 1986. Chama ni kimoja, MPR. Rais ni mmoja, na anajulikana anavyokula. Na kundi la wachekeshaji linapanda mbele ya kamera za serikali na mchezo unaouliza kama madaraka ni ya kula peke yako au ni ya kugawana. Kwa Kiswahili cha mtaani, mchana, kijijini! Mwishoni utaratibu unarudi kijijini, ndiyo, na mkubwa aliyeangalia aliweza kulala usingizi. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa, na waliouliza walijua walichouliza. Nikisikia mtu anasifu ujasiri wa Norman Lear kwa kuingiza vita vya Vietnam na ubaguzi wa rangi sebuleni mwa Archie, nasema vema, alikuwa jasiri. Ila Lear alikuwa na mahakama na magazeti nyuma yake. Mufwankolo nyuma yake alikuwa na nani?

Kijana wa simu, ambaye sasa alikuwa amesahau simu, akauliza: "Tunaangalia wapi, Papa?"

Swali hilo linaniuma kila linapoulizwa. Naweza kukuonyesha mahali pa kusoma. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha kitabu kizima juu ya kundi hili huko Vienna, mwaka 1981, wakaandika michezo kwa Kiswahili kama ilivyosemwa. Fabian naye alitoa chake Marekani mwaka 1990, kuanzia mazungumzo ya kwanza ya firigisi mpaka Kawama, na maneno ya waigizaji yamo kwa Kiswahili chao. Mengine yako kwenye intaneti, katika hazina ya maandiko ya Kiswahili cha Shaba aliyoianzisha. Ni kazi ya heshima na nawashukuru. Lakini kichekesho ni uso. Ni mkono kiunoni, ni jicho linalomgeukia mume kabla mdomo haujafunguka. Hilo halichapwi Vienna.

Msidhani wenzetu wa Ulaya walijua kutunza siku zote. BBC ilifuta kanda zake yenyewe ili irekodi juu yake mambo mapya. Vipindi vitatu vya *Dad's Army* vya 1969 havijaonekana mpaka leo, na vya *Till Death Us Do Part*, babu yake Archie Bunker, vilivyopotea ni vingi zaidi. *Steptoe and Son* ya 1970 ilirekodiwa kwa rangi, na leo sehemu yake kubwa inaonekana kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu kilichosalia ni nakala walizojirekodia waandishi wake, Ray Galton na Alan Simpson. Ni watu wawili tu waliojitunzia kazi yao. Basi mtu wa Lubumbashi au wa Likasi mwenye kanda kwenye sanduku la marehemu baba yake, kanda iliyoandikwa kwa kalamu jina moja tu, asiitupe na asiirekodie muziki wa harusi. Aipeleke kwa anayejua kuihamisha. Na asiye na kanda ana kichwa, na kichwani mwake kuna kipindi anachokikumbuka, nani aliingia, nani alisema nini, jirani walicheka wapi.

Ndiyo maana tumebadilisha mchezo hapa kijiweni. Vijana wanaendelea na Archie wao na M*A*S*H yao, lakini kila swali la Marekani linafuatwa na swali la Lubumbashi, na anayekosa la Lubumbashi ananunua mara mbili. Yaya wa Katuba ameteuliwa mwamuzi, na kijana wa simu anarekodi sauti yake anaposimulia. Juzi walifika kwenye ugomvi ambao naona hautaisha mwezi huu: nani aliwachekesha zaidi, Bwana Cheko au Kachelewa? Yaya ni wa Bwana Cheko na hataki kusikia jingine. Mama muuza samaki, kumbe naye aliangalia, ni wa Kachelewa, na ana sababu zake, na anazisema kwa sauti.

Kura yangu mimi sikuificha. Ni ya Mama Kawele. Miaka ile mwanamke kusimama mbele ya kamera, mtaa mzima ukimjua, ukimwita kwa jina lake la mchezo kila anapopita, kulihitaji moyo mkubwa kuliko wa mwanamume yeyote katika kundi lile. Anayebisha aje Kilwa jioni, boti zikisharudi, na aje na pesa ya munkoyo.