Shajara ya Chambo Hai, La Jolla

Jumatatu
Nimeingiza kayaki majini La Jolla Shores, hapa San Diego, alfajiri. Wimbi limenipanda kifuani na sanduku la ndoano limejaa maji. Hifadhi ya Matlahuayl hairuhusu kuvua tangu 2012, kwa hiyo nimepiga kasia hadi nje ya mpaka kabla ya kushusha mshipi wa ndoano ndogo wa kunasia chambo. Vibua wamepanda kwa mkupuo, wakazungukana, mshipi ukawa fundo tupu. Nimeukata. Ndoano moja imebaki kwenye jaketi la kuokolea.

Jumanne
Pampu ya tangi la chambo imezima katikati ya safari. Chumvi imekula waya wa betri. Kibua hawezi maji yaliyotuama: hupanda juu, hufungua mdomo, kisha hulala ubavu na rangi ya kijani ya mgongoni hupauka. Nimekaa nikibadilisha maji kwa kopo badala ya kuvua. Waliopona nimewatoboa puani, sehemu ngumu, ili waogelee wima na kuvuta mshipi wenyewe kando ya mwani. Hakuna aliyeguswa.

Jumatano
Bahari imechafuka, sikutoka. Nimesugua nyaya na kuzipaka grisi. Jirani yangu Mkongo amechungulia gereji: "Kaka, samaki iko wapi?" Nimemwonyesha pampu.

Alhamisi
Pwani ya kwetu haina kelpu, kwa sababu mwani huu unataka maji baridi. Hapa umeshika mwamba chini na kuinuliwa na vibofu vya hewa hadi juu, na hali ikiwa nzuri hurefuka hata sentimita 60 kwa siku. Samaki wakubwa huwinda ukingoni mwake. Leo mmoja wa mkia wa manjano, wa ukoo wa kolekole, amemeza kibua na kuingia moja kwa moja msituni. Nilikaza breki ya rili, nikarudi nyuma kwa kasia, lakini mshipi ulikuwa umeshazunguka mashina. Ukakatika. Inaniuma kwamba uzi ule umebaki mle ndani.

Ijumaa
Simba bahari amekula chambo na kuniachia kichwa. Sheria ya Marekani ya 1972 inamlinda, nami naona ni haki, nimehama. Baadaye amekuja samaki mzuri aitwaye kaliko, ila hakufika inchi 14 zinazotakiwa kisheria. Nimemrudisha.

Jumamosi
Pampu imefanya kazi asubuhi nzima. Kibua wa kwanza ametetemesha fimbo, dalili kwamba ameona anayemfuata, na safari hii mwenye mkia wa manjano amekimbilia kina kirefu. Amepanda. Nimevunja kasia wakati wa kutua ufukweni.

Unayetaka kuanza uvuvi huu, usikimbilie fimbo ya bei. Nunua pampu nzuri na betri ya akiba, kisha suuza nyaya kwa maji yasiyo na chumvi kila unaporudi.