Barua ya Wazi kwa PDG wa NVIDIA: Tunaomba Lebo ya Gunia Lenu

Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami

Kwa Mheshimiwa Jensen Huang, PDG (mkurugenzi mkuu) wa NVIDIA, Santa Clara, California

Yahusu: ombi la kujua kilichomo ndani ya dereva ya kadi zenu za picha kwenye Linux

Mheshimiwa PDG,

Tunakuandikia kutoka Kamina, njia panda ya reli, ambapo abiria aliyetoka Lubumbashi huchagua kama anakwenda Ilebo au Kabalo. Huenda mji wetu hujausikia. Sisi wako tunausikia. Mwezi wa Julai 2025 tulisikia kwamba kampuni yako imekuwa ya kwanza duniani kufikisha thamani ya dola trilioni 4, tukafurahi kama majirani wanavyofurahia harusi ambayo hawakualikwa.

Nijitambulishe kwa niaba ya wenzangu. Sisi ni watu wa sekretariati: tunachapa barua, tunatoa fotokopi, tunapiga picha za pasipoti, na vijana wetu wanahariri video za harusi na za mazishi. Kompyuta zetu ni za mtumba kutoka Ulaya. Mfumo endeshi huria wa Linux hatukuujia kwa mapenzi ya falsafa. Windows 10 imeachwa na wenyewe tangu Oktoba 2025, Windows 11 inazikataa mashine zetu mlangoni, na ile Windows ya wizi inayozunguka kwenye flashi huja na virusi vingi kuliko mafaili. Linux haiulizi umri wa mashine. Anayeuliza umri ni wewe, Mheshimiwa, na hapo ndipo penye barua hii.

Lakini kwanza nikueleze habari za gunia.

Katika jimbo letu hili, upande wa Malemba-Nkulu, watu wanachimba bati kwa sururu na mikono. Mchimbaji akijaza gunia, halitoki hivi hivi. Linapimwa, linaandikwa kwenye daftari, linafungwa lebo yenye namba. Likifika kwa négociant, yaani mnunuzi wa kati, linafungwa lebo ya pili. Yote hayo ni kwa sababu ya sheria yenu ya Dodd-Frank ya mwaka 2010, kifungu cha 1502, inayozitaka kampuni zilizoandikishwa kwenye soko la hisa la Marekani zichunguze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu zinazotumia zimetoka Kongo au kwa majirani zake. Kampuni yako nayo huandika ripoti yake kila mwaka. Hatulalamiki. Ni haki mtu ajue kitu alichokibeba kimetoka wapi na kimepita mikononi mwa nani.

Ila gunia linalokuja upande huu, Mheshimiwa, halina lebo. Dereva yenu ya Linux, programu inayoendesha kadi zenu, ni mzigo wa zaidi ya megabaiti 300, na huku kwetu mega zinanunuliwa kwa simu, kidogo kidogo, kama mafuta ya kupimiwa. Ndani yake kuna nini? Haturuhusiwi kuuliza. Hata kerneli, kiini cha Linux yenyewe, ikishaipokea dereva iliyofungwa, inajiandikia kwenye kumbukumbu zake kwamba imechafuka, na ukipeleka malalamiko kwa mafundi wake wanakujibu kwa adabu: rudi kwa aliyekupa hiyo dereva. Ukirudi kwake, mlango una kufuli.

Matokeo yake watumiaji wa Linux wanayajua duniani kote. Kerneli inasasishwa usiku, moduli yenu inashindwa kujijenga upya, asubuhi skrini ni nyeusi. Mtumiaji wa Berlin anajua papo hapo wa kumlaumu. Mtu wa Kamina, kwa heshima aliyo nayo kwako, anatazama kwanza betri ya sola, kisha anatikisa waya, kisha anamuuliza jirani kama ameazima jenereta. Wewe unafika wa mwisho kwenye orodha ya washukiwa. Sijui kama kuna mteja mwingine anayekulindia jina kiasi hicho.

Mwaka 2012, Linus Torvalds, baba wa Linux, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto kule Finland, alikunyoshea kidole cha kati mbele ya kamera akisema kampuni yako ndiyo mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo. Huku kwetu mtu mzima hafanyi hivyo hadharani, na tunamwombea msamaha. Mwanzoni mwa 2022 wakaja wezi wa kundi la Lapsus$, wakaiba mafaili yenu, na miongoni mwa madai yao wakataka dereva zifunguliwe. Mwezi wa Mei mwaka huo huo mkafungua moduli za kerneli. Hatusemi mambo hayo mawili yanahusiana. Kazi kubwa namna ile haimalizwi kwa miezi miwili. Tunasema tu kwamba sisi tumekuwa tukiomba kwa adabu, na adabu haikupata jibu la haraka hivyo.

Tulishangilia ufunguzi ule mpaka tukasoma mstari wa chini. Ni kwa kadi za kizazi cha Turing, yaani za mwaka 2018, na zilizofuata. Kadi zinazofika Kamina zinafika zikiwa zimeshastaafu mahali pengine. Dereva ya mfululizo wa 340 mliiacha mwisho wa 2019, ya 390 mwisho wa 2022, ya 470 mwaka 2024. Kerneli inasonga mbele, dereva imebaki nyuma, na mwenye kadi anachagua kati ya picha na usalama: akitaka kuona, abaki na kerneli ya zamani yenye matundu.

Wanaoumia zaidi ni wenye kadi zenu za GTX 900 na GTX 1000. Wanajitolea wa mradi wa Nouveau wamefanya kazi ya miaka mingi kuandika dereva huria kwa kubahatisha na kupima, maana kwa muda mrefu hamkuwapa maelezo. Lakini kuanzia GTX 900, kadi haipokei programu ya ndani isiyo na saini yenu, na bila saini hiyo Nouveau haiwezi kuipandisha kasi. Kadi inafanya kazi kwa mwendo ule ule iliyoamka nao, basi. Sasa mmetangaza kwamba mfululizo wa 580 ndio wa mwisho kuzihudumia. Kwa hiyo kadi hizo moduli huria hazizihusu, saini ya kuzipandishia kasi hazina, na dereva mpya hazitapata. Na ndizo hizo, Mheshimiwa, ambazo wenye fedha wanazitoa mezani sasa hivi na ambazo zitashushwa Lubumbashi, halafu zitapanda reli kuja kwetu.

Hatuombi siri za kadi mpya. Endelea kuzilinda, una trilioni za kulinda. Tunaomba zile ulizozitupa mwenyewe. Kadi ambayo hutaki tena kuihudumia, toa maelezo yake na programu ya ndani iliyotiwa saini, ili wa Nouveau waipandishe kasi. Gharama yake ni faili moja. Na kama hilo ni zito, basi utufungie lebo tu, kama ile ya Malemba-Nkulu: jina la aliyejaza, tarehe, namba ya gunia. Kamba tutatoa sisi.



Kwa niaba ya sekretariati za Kamina,
Mwandishi wenu

Nakala kwa taarifa: Bwana Linus Torvalds, pamoja na ombi la kushusha kidole; na wachimbaji wa Malemba-Nkulu, ili wajue mizigo mingine husafiri bila kupimwa. Viambatisho: hakuna. Picha ya skrini tulijaribu kuipiga, ikatoka nyeusi.