Anko, Bado Inatafuta?

Tangu Jumapili watoto wa upande wa mke wangu wamebuni salamu mpya. Nikipita uani, badala ya shikamoo nasikia, "Anko, bado inatafuta?" Watu wazima, ambao wajibu wao ni kuwakemea, wanageukia ukutani mabega yakitikisika.

Iliyokuwa inatafuta ni PS3 ya shemeji. Mwanawe alikuwa anatimiza mwaka mwingine, zulia limejaa watoto, na zamu zimeshapangwa: anayefungwa anampisha mwenzake. Mpangaji wa zamu, binti wa miaka minane, alikuwa ameshaanza kutoza pipi kwa kila anayetaka kuruka foleni. Mama mkwe yuko kwenye kochi. Gemu zote ziko kwenye hadidiski ya nje, diski hakuna hata moja, kwa kuwa wiki nzima nilikuwa namwambia shemeji kwamba kununua diski ni mambo ya watu wasio na shemeji kama mimi.

Sasa, PS3 si zote sawa, na hapa naomba subira kidogo. Nyingi za zamani, mpaka kufikia toleo la CECH-2500, unaweza kuziondolea fimuwea ya kiwandani ukazipandishia nyingine kabisa, ikakaa moja kwa moja. Zilizofuata, ikiwemo hii ya shemeji yenye mfuniko wa kusukuma kwa mkono, hazikubali. Zilipata dawa yao mwaka 2019, inaitwa HEN, ila dawa hiyo inaishi kwenye kumbukumbu ya muda. Ukizima mashine, imekufa. Ukiwasha, uifufue upya. Na aliyemwekea shemeji alimwekea ile ya kufufuliwa mtandaoni.

Jinsi inavyofufuka ndipo penye utamu. Kivinjari cha PS3 ni cha kizamani na kina kasoro zake. Unafungua ukurasa fulani, ukurasa unamimina ndani ya kumbukumbu ya kivinjari maagizo mengi yaliyovishwa sura ya maandishi ya kawaida. Maagizo hayo hayana kazi mpaka ijulikane yametua kwenye anwani gani, na hilo kivinjari hakimwambii mtu. Kwa hiyo ukurasa unaanza kupekua kumbukumbu kipande kwa kipande, ukitafuta alama uliyojiwekea wenyewe muda mfupi uliopita. Ni kama kumwachia mbuzi wako katikati ya mnada wa Pugu, kisha umtafute kwa kitambaa ulichomfunga shingoni. Na ukishampata, maajabu zaidi: maagizo yenyewe hayaleti msimbo mpya, yanaokoteza vipande vya msimbo wa Sony vilivyomo humo tayari na kuvipanga kwa mfuatano ambao Sony hawakuukusudia. Mashine inajisaliti kwa maneno yake yenyewe. Aliyewaza jambo hili kwa mara ya kwanza, sijui usiku ule alilala vipi.

Alama wakati mwingine haionekani. Ndiyo maana unashauriwa kufuta kuki na kashe, kuacha ukurasa wa mwanzo wa kivinjari mtupu, kuzima, kuwasha na kujaribu tena. Hakuna aliyekosea. Ni bahati.

Haya yote nilikuwa nawaeleza watoto, na naamini wawili watatu walinielewa. Kwenye kioo, ukurasa unatafuta.

"Anko, bado inatafuta?"

Nikamwambia yule binti kwamba kutafuta ndiyo kazi yenyewe. Mtandao ulikuwa unatoka kwenye hotspoti ya simu yangu, na simu yangu ikiita tu, data inasimama. Ikaita. Alikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi moja, mtu anayeijua ahadi yangu ya mchango kuliko ninavyoijua mimi. Nikakata. Akapiga. Nikakata. Akapiga kwa namba nyingine.

"Anko, bado inatafuta?"

Ikaganda. Pedi haisikii, kioo hakibadiliki. Nikashikilia kitufe cha kuzimia mpaka ikalia na kuzimika, nikawasha, likatokea tangazo la maandishi meupe kwamba mfumo wa mafaili wa hadidiski huenda umeharibika na utarekebishwa. Binti wa zamu, anayesoma shule ya Kiingereza, akalitafsiria umati: "Anko ameiharibu." Lile "huenda" lilipotelea njiani, na mimi nikaingizwa humo ilhali tangazo halikunitaja.

"Baba," mama mkwe akasema, kwa upole unaouma kuliko tusi, "acha kwanza hayo, pilau linapoa." Sahani nikaletewa palepale chini kwenye nyaya, ina nyama mbili zaidi ya haki yangu, za kunipoza. Watoto wakahamia uani kucheza kombolela.

Jaribio lililofuata liliishia na bando. La baada ya hapo liliondoka na umeme.

Ndipo shemeji akamwita fundi wa mtaani, ambaye hata hakuketi. "Kaka, mtandaoni hapana. Mimi kila kitu ninacho kwenye flashi." Na kwa nadharia, nakiri, jamaa alikuwa na hoja. Ukurasa wa mtandaoni leo unaweza usiwe ule wa jana, na huna cha kumwonyesha mtu kwamba ulibadilishwa. Faili la fimuwea lililo mkononi mwako halibadiliki usiku. PS3 yenyewe inalipokea bila mtandao: unaliita PS3UPDAT.PUP, unaliweka ndani ya folda ya UPDATE, nayo ndani ya folda ya PS3, kwenye flashi ya FAT32. Zaidi ya hapo, unaweza kulikokotolea MD5 yake, tarakimu na herufi 32, ukalinganisha na ile iliyotangazwa na mtengenezaji. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, futa. Nikamwuliza fundi kama MD5 anayo. Akaniuliza kama nataka gemu zicheze au nataka kusoma.

Flashi yake ilikuwa NTFS, PS3 haikuitambua. Kompyuta ya shemeji, iliyozimwa antivairasi kwa amri ya fundi, sasa picha zake zote za harusi ni shotikati. Gemu lililozidi GB 4, kikomo cha faili moja la FAT32, lilikatwa vipande na kipande kimoja kiko dukani kwa fundi.

Hapa utani unaniishia. PS3 iliuzwa ikiwa na kipengele kilichoitwa OtherOS: mwenye mashine aliruhusiwa kuweka Linux na kuitumia kama kompyuta. Jeshi la anga la Marekani liliunganisha PS3 1,760 likapata kompyuta ya kutisha (mimi moja imenishinda). Tarehe 1 Aprili 2010 Sony wakatoa sasisho namba 3.21 na kukifuta. Ukikataa sasisho, hakuna kucheza mtandaoni. Ukikubali, umeagana na Linux uliyoinunua. Desemba mwaka huohuo, kwenye mkutano wa wadukuzi mjini Berlin, kundi la fail0verflow likaeleza jinsi ufunguo wa siri wa Sony unavyopatikana. Kila sahihi ya kidijiti ya aina ile inahitaji namba ya kubahatisha isiyorudiwa kamwe. Sony walikuwa wanatumia namba ileile kila mara. Ukiwa na sahihi mbili, unabaki na hesabu ya kutoa, kuzidisha na kugawanya, na ufunguo huo hapo. Januari 2011 mdukuzi George Hotz akatangaza ufunguo wa Sony alioupata, akashtakiwa, na mapatano yao yakatangazwa Aprili. Wanunuzi wa Marekani walioidai Sony kwa sababu ya OtherOS walifikia mapatano ya dola milioni 3.75 mwaka 2018. Huku kwetu, ambako mashine hizi nyingi zilikuja zikiwa mtumba, hakuna aliyetuuliza.

Halafu ndiyo naambiwa niwe mwangalifu ninamwamini nani. Kampuni iliyouza ilichukua ilichouza, tena kwa sasisho halali lenye sahihi. Mwenye ukurasa simjui jina. Fundi namjua jina, na nyumbani kwake napajua, na halijasaidia chochote.

Uuzaji wa PS3 nchini Japani uliisha mwaka 2017, lakini masasisho hayaishi: 2023 lilikuja 4.90, 2024 likaja 4.91. Mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kuhuisha ufunguo wa kuchezea filamu za Blu-ray. Shemeji hajawahi kushika diski ya Blu-ray maishani mwake. Kila sasisho likiingia, HEN inakatika mpaka wapenzi wa mambo haya watengeneze toleo jingine la kuendana nalo.

Jana usiku amenitumia picha ya kioo cha TV. PS3 inasasishwa, imefika asilimia 40. Chini yake ameandika: "Shem, imeniuliza nikakubali. Ni sawa, eti?"